Orodha ya Msimamizi wa Shamba: Maneno ya Kale ya Kiingereza ya Jembe na Kitani

(Hotuba kwa walimu wa Kiswahili, watunzaji wa makumbusho na wazee waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge, Tanga. Imehaririwa kidogo ili isomeke.)

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu mliokaa mbele, walimu wenzangu na vijana: shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo.

Nimeombwa nizungumze kuhusu maneno yanayokufa pamoja na kazi zake. Najua wengi mlitegemea nianze na mkonge, maana tuko Tanga. Tutafika. Lakini kwanza nataka niwapeleke Uingereza na niwaweke huko kwa muda, kwa sababu Waingereza walianza kupoteza maneno ya jembe na ya kitani, ule mmea wa nyuzi za kufumia nguo, zamani kuliko sisi, na walikuwa na bahati moja: mtu mmoja alikuwa ameshaandika orodha. Orodha hiyo ndiyo ninayotaka tuitazame, kwa yale iliyohifadhi na zaidi kwa yale iliyoyaacha.

Katika maktaba ya Chuo cha Corpus Christi, Cambridge, kuna kitabu cha mkono kilichonakiliwa karibu mwaka 1100. Ni hati namba 383, na sehemu yake kubwa ni sheria. Humo ndani yamo maandishi mafupi yasiyofanana na sheria hata kidogo: ni maelekezo kwa gerefa, yaani msimamizi wa shamba la bwana. Wana-Tanga mtamwelewa haraka nikimwita nyapara mkuu. Cheo hicho hicho, kikiunganishwa na neno la jimbo, ndicho kilichozaa sheriff wa leo. Maandishi yanampangia kazi kwa majira. Baridi ikipungua alime, apande maharage, atie mbegu za kitani, apande na mimea ya kutia rangi nguo. Joto likija akate kondoo manyoya, apeleke samadi shambani, atengeneze nyua. Mavuno yakipita apure nafaka, na siku za barafu apasue mbao.

Halafu mwandishi anaanza kuhesabu vifaa, na akianza hashikiki. Nawasomea vichache kama vilivyoandikwa: æcse, adsan, sage, mattuc, scear, culter, siðe, sicol, weodhoc, spade, scofle, bytel, race. Aliyesoma Kiingereza cha shule ameshatambua nusu yake. Ni shoka, tezo, msumeno, sururu, ulimi wa plau na kisu chake, fyekeo kubwa la mpini mrefu, mundu, ndoano ya kung'olea magugu, sepetu, beleshi, nyundo ya mti, reki. Kimo hata kijembe maalumu cha mmea utoao rangi ya buluu, wadspitel. Mwandishi anakiri kwamba kazi ya kutaja vyote ni ngumu, kisha anamwonya msimamizi asipuuze kitu chochote kinachoweza kufaa, hata mtego wa panya, hata kile kilicho kidogo kuliko mtego wa panya, yaani kijiti cha kufungia komeo la mlango. Nikiri kwamba nampenda mtu huyu kwa sababu ya kile kijiti. Na mwishoni anaandika hivi: nimeeleza kadiri nijuavyo, ajuaye zaidi na aeleze zaidi.

Sasa tazameni kilichotokea baadaye. Vifaa vya shamba vimesalia na majina yake karibu yote. Mundu ni sickle, fyekeo ni scythe (ile herufi c walioipachika ni wasomi wa baadaye waliodhani neno lina asili ya Kilatini, halina). Sururu ni mattock. Miaka 900 imepita na mkulima aliyeshika sepetu mwaka 1100 angeelewana na duka la vifaa la leo kwa neno hilo moja, hata kama mengine yote yangemshinda.

Lakini kifaa kikubwa kuliko vyote kilipoteza jina. Plau ya wakati ule iliitwa sulh. Neno plough lilikuja baadaye, na wataalamu wengi wanalihusisha na wageni wa kaskazini, watu wa Skandinavia, waliokwisha kukaa mashariki ya nchi. Sulh likarudi nyuma polepole hadi likabaki vijijini kusini-magharibi, ambako wazee waliendelea kusema sull au zull. Huko Kent lilibaki ndani ya jina la kipimo cha ardhi, sulung. Kipimo nacho kikafa.

Na mkulima mwenyewe tunamsikia kidogo. Karibu mwaka 1000, mtawa mmoja aliyeitwa Ælfric aliandika mazungumzo ya kuwafundishia wavulana Kilatini, na mtu akaandika Kiingereza cha siku zile juu ya mistari. Mle mlimaji anaulizwa kazi yake ikoje. Anajibu kwamba anataabika mno. Hutoka alfajiri akiwaswaga ng'ombe kondeni, hakuna baridi kali kiasi cha kumruhusu abaki nyumbani, na kila siku lazima alime eka nzima au zaidi. Anaye kijana wa kuwachoma ng'ombe kwa fimbo yenye ncha, na kijana huyo sauti imemkauka kwa baridi na kelele. Kwa nini anateseka hivyo? Anajibu: kwa sababu mimi si mtu huru. Baadaye mhunzi anajitapa: mlimaji angepata wapi ulimi wa plau kama si kwangu, mvuvi ndoano, fundi wa viatu shazia, mshonaji sindano? Ni mchezo wa darasani tu, lakini kwangu mimi una uzito kuliko sheria nyingi za wafalme wale.

Nirudi kwenye orodha, maana nimeiacha sehemu yake nzuri. Baada ya zana za shamba, msimamizi anatakiwa awe na fela towtola, zana nyingi za kusokotea na kufumia. Inafuata mfululizo wa vitu vya wanawake: nyuzi za kitani, mapia (vijiti vya kusokotea uzi), vikunjio vya uzi, miti ya kitanda cha mfumi, chanuo la sufu, mikasi, sindano, na jiwe laini la kulainishia kitambaa. Hapo wasomi wanaanza kugombana. Pihten ni nini hasa? Timplean? Amb? Wengine wanasema hili ni sehemu ya kitanda cha mfumi, wengine wanasema ni chanuo, na kila mhariri ana jibu lake. Majina ya zana za wanaume tunayajua karibu yote. Majina ya zana za wanawake yana mashimo.

Si kwamba msimamizi alizembea. Aliyaandika. Lakini alikuwa mtu wa ghala, mtu wa kuhesabu. Alijua kuna amb ngapi na ziko rafu gani. Hakuambiwa mwanamke anafanya nini na amb akiishika, na kama aliambiwa hakuona sababu ya kuandika. Orodha nzima ni nomino. Ndiyo maana tunayo pihten na hatujui mkono uliishikaje.

Vitenzi vilipita njia nyingine, ya mdomo, na vikaandikwa karne kadhaa baadaye. Na vitenzi vya kitani ni utajiri mtupu, kwa hiyo mniruhusu niende polepole hapa.

Kitani hakikatwi. Kinang'olewa na mizizi yake, siku 100 hivi tangu kupandwa, kwa sababu nyuzi zinapita urefu wote wa bua na ukikata unapoteza sehemu ya chini. Kikishakauka kidogo kinavutwa katikati ya meno ya chuma ili vichwa vya mbegu vidondoke. Kitenzi ni kuripple, na chombo ni ripple. Kisha kinaloweshwa, na hapo ni kuret. Mabua yanazamishwa bwawani, yanakandamizwa kwa mawe, na bakteria wanakula gundi inayoshikanisha nyuzi na mti. Wiki moja, hata mbili, kutegemea joto la maji. Ukiyatoa mapema nyuzi hazibanduki, ukichelewa zimeoza nazo. Harufu yake haina mfano. Maji yale huua samaki na ng'ombe hawayanywi, hata mwaka 1541 Bunge la mfalme Henry VIII likapitisha sheria ya kukataza kulowesha kitani na katani ya bangi katika mito na mabwawa wanamonyweshea mifugo. Mtu achimbe shimo lake. Ni mfalme yule yule ambaye miaka michache nyuma alikuwa amewaamuru wenye mashamba wapande robo eka ya mimea hiyo kwa kila eka 60 wanazolima. Alitaka kamba na matanga, hakutaka harufu.

Msinicheke, lakini kila nikisoma sheria ile nawaona wanawake wa pwani ya Unguja wakifukia makumbi ya nazi kwenye mchanga wa bahari na kuyaacha miezi mingi kabla ya kuyafukua, kuyaponda na kuyasokota kamba. Mmea ni mwingine na maji ni ya chumvi, ila kanuni ni ile ile: acha kuoza kufanye kazi, lakini kusimamishe kabla hakujafika kwenye uzi.

Kitani kikitoka bwawani kinaanikwa majanini, halafu kinavunjwavunjwa kwa brake, chombo cha mbao chenye taya zinazopandana. Bua linapasuka vipandevipande, uzi unabaki mzima. Kisha kinapigwa kwa ubao mfano wa upanga ili vipande vidondoke. Kazi hiyo Waingereza wa zamani waliiita swingle. Baadaye likaja neno lenye asili ya Kifaransa, scutch, na huko Ulster, Ireland ya kaskazini, likatawala kabisa kwa sababu viwanda vya maji vya kupigia kitani vilijengwa kila bonde. Vilikuwa vinapoteza vidole na mikono ya watu, na vumbi lake lilikuwa likishika moto kama petroli. Swingle lenyewe lilibaki kwenye fimbo ya kupuria ngano, ule mti mfupi unaoning'inia kwenye mpini mrefu kwa kamba ya ngozi.

Hatua ya mwisho kabla ya kusokota ni kuchana. Kitani kinapitishwa kwenye ubao uliosimikwa misumari mirefu ya chuma, kwanza yenye nafasi, kisha iliyobanana. Chanuo hilo lina majina matatu yaliyotoka mzizi mmoja: hackle, heckle, hatchel. Nyuzi ndefu zinabaki mkononi zikimeta kama nywele za mtu aliyetoka kuoga. Nyuzi fupi na zilizokatika zinabaki kwenye misumari. Hizo fupi zina jina lao, tow. Likumbukeni, litarudi.

Wachanaji wa kitani, hecklers, walikuwa watu wa pekee. Robert Burns, mshairi wa Scotland, alikwenda mji wa Irvine mwaka 1781 kujifunza kazi hiyo. Duka likaungua wakiwa wanasherehekea mwaka mpya wa 1782, na biashara ikaishia hapo. Na mji wa Dundee wachanaji walijulikana kwa siasa kali na kwa umoja wao. Inasimuliwa kwamba mmoja wao alikuwa akisoma magazeti kwa sauti huku wenzake wakichana, na wenzake hawakumwacha asome kwa amani: walimkatiza, walimhoji, walimcheka. Hakika ni kwamba huko Scotland kuheckle kulianza kumaanisha kumbana mgombea wa kisiasa kwa maswali, kumchana mpaka takataka zidondoke. Leo vijana wa London wanaoheckle mchekeshaji jukwaani hawajawahi kuona ubao wa misumari. Kazi ilikufa, kitenzi kikatafuta kazi nyingine. Dundee yenyewe ilihamia kwenye juti kutoka Bengal katika karne ya 19, wakailainisha kwa mafuta ya nyangumi, na kitani kikasahaulika.

Maneno ya kusokota nayo yalihama, mengine yakaishia pabaya. Mfalme Alfred, aliyefariki mwaka 899, aliandika katika wasia wake kwamba babu yake aliacha ardhi kwa upande wa mkuki na si kwa upande wa pia, sperehealf na spinlhealf. Sisi tungesema kuumeni na kukeni. Fimbo ya kushikia kitani wakati wa kusokota, distaff, nayo ikawa jina la upande wa wanawake wa ukoo. Tarehe 7 Januari, siku moja baada ya sikukuu za Krismasi kwisha, wanawake walirudi kusokota, na siku hiyo ikapewa kwa utani jina la Mtakatifu Distaff. Kasisi Robert Herrick alichapisha shairi kuihusu mwaka 1648: wanaume wanachoma kitani cha wasichana, wasichana wanawamwagia ndoo za maji. Na spinster, ambaye alikuwa fundi wa kusokota tu, karne ya 17 akawa mwanamke asiyeolewa katika karatasi za serikali, na akabaki hivyo kwenye vitabu vya ndoa vya Uingereza hadi mwaka 2005. Jina la ufundi likageuka jina la upungufu. Nadhani wanawake wa hapa hawahitaji nieleze zaidi.

Sasa Tanga.

Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliletewa miche ya mkonge iliyotoka Florida. Inasemekana ilikuwa 1,000 na iliyofika ikiwa hai ni 62. Mengine mnayajua, wengine wenu mmeyaishi. Kuanzia miaka ya 1880 mashine za kuvuna ngano Marekani na Ulaya zilikuwa zinafunga matita zenyewe kwa kamba, na kamba hizo zilihitaji singa, yaani nyuzi za mmea, ngumu na za bei nafuu. Mkonge ukaingia hapo. Kwa maneno mengine, ule mundu wa msimamizi, sicol, uliodumu miaka 800 mikononi mwa watu, ulifukuzwa kondeni na mashine, na sehemu ya kamba iliyokuwa mdomoni mwa mashine hiyo ilisokotwa kwa jasho la hapa.

Na tow? Wazee mliofanya kazi ghalani mnalijua. Robota za singa zilikuwa na madaraja, namba moja, mbili, tatu, UG (under grade, yaani chini ya daraja), na chini kabisa tow namba moja, tow namba mbili, na ile iliyookotwa kwenye mfereji wa maji ya korona, mashine ya kutoa singa kwenye majani, ikaitwa flume tow. Ni nyuzi fupi zilizokatika, maana ile ile ya wachanaji wa Dundee. Na wataalamu wanalihusisha na ile tow iliyomo ndani ya towtola, zana za wanawake katika orodha ya Cambridge. Mkulima wa Kiingereza leo hasemi tow akimaanisha uzi, isipokuwa mtoto mwenye nywele nyeupe anaitwa tow-head bila yeye kujua kwa nini. Bei ya singa za Tanga iliendelea kulihitaji.

Korona nayo ina hadithi yake, jina la mashine za Kijerumani lililogeuka jina la jengo, la kazi, hata la zamu. Lakini hapa ndipo ninapoogopa kurudia kosa la yule msimamizi. Makumbusho yetu tuna orodha nzuri. Tuna korona, tuna reli ndogo za kubebea majani, tuna picha za meneja. Tuna nomino. Nilipitia lebo za maonyesho kadhaa kabla ya kuja hapa, na kitenzi nilichokuta ni kimoja tu, kuchakata, ambacho ni kitenzi cha ofisini. Aliyesimama kwenye korona akilisha majani hakuwa anachakata. Aliyekata alikuwa na namna yake ya kusema jani limekomaa. Aliyeanika, aliyepiga brashi, aliyekanyaga singa kwenye mashine ya kufungia robota, kila mmoja alikuwa na maneno ya kosa, ya haraka, ya hatari, na hayo mengi hayajaandikwa popote. Yalichanganya Kisambaa, Kibondei, Kinyamwezi, Kimakonde na lugha za manamba waliotoka mbali zaidi.

Kwa hiyo mniruhusu niache kusoma. Kuna vijana wawili hapa wana vinasa sauti, na karatasi zipo kwa atakayependa kuandika mwenyewe. Swali la kwanza si jina la chombo. Tunaomba mtuambie jani likikwama kwenye meno ya korona mlisemaje, na likimshika mtu mlipiga kelele gani ili mashine izimwe. Mzee aliyevaa kofia ya kijani amenyoosha mkono tangu nilipotaja flume tow. Karibu, mzee wangu, tuanze na wewe.